Je, Wamarekani wenyewe wamewahi kuchora ubaya wa nchi yao?

Swali hili limetoka kwa mwalimu wa sekondari jijini Mwanza anayesimamia klabu ya usomaji. Kwa kifupi anasema vijana wake wamekulia kwenye filamu za mashujaa wa Kimarekani wenye majoho na ngao, na wanaamini kwamba kule adui siku zote hutoka nje, kama si nchi ya mbali basi sayari nyingine. Anauliza: zipo katuni za Wamarekani wenyewe zinazoonyesha upande wa giza wa jamii yao? Aanze na zipi kwa vijana wake? Na ilikuwaje zikaruhusiwa?

Mwalimu, zipo, na si chache. Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo linalofungua mengine. Hazikuruhusiwa kirahisi. Kuna miaka zilizibwa mdomo kabisa, na ukichunguza ni kitu gani hasa kiliwaudhi wakubwa wakati ule, unapata kipimo cha kuchagulia vitabu hata leo.

Hao mashujaa wenyewe hawakuanza kwa kupigana na viumbe wa angani. Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wawili wa Kiyahudi wa Cleveland, Ohio, walimbuni Superman wakati Marekani bado inaugulia mdororo mkubwa wa uchumi. Katika toleo lake la kwanza, Action Comics ya Juni 1938, anamwokoa mwanamke asiye na hatia anayekaribia kuuawa kwenye kiti cha umeme, anamshikisha adabu mwanamume anayempiga mkewe, kisha anakwenda Washington kumfuatilia seneta anayechezewa na mtu wa pembeni ili apitishe muswada. Katika toleo la tatu anamnasa mwenye mgodi pamoja na wageni wake wa karamu ndani ya mgodi wake mwenyewe, waonje hatari wanayoachiwa wachimbaji kila siku. (Haki zote za Superman vijana wale waliziuza kwa dola 130, jambo ambalo nalo lingetosha kuwa katuni ya upande wa giza.) Vita ilipokuja, shujaa akavalishwa uzalendo, na maseneta wa aina ile wakapotea kurasani.

Kampuni iliyorudisha ubaya wa nyumbani kwenye katuni iliitwa EC, ya New York. Mwanzilishi wake, Max Gaines, alikuwa akichapisha pamoja na mambo mengine hadithi za Biblia kwa picha. Alipofariki kwa ajali ya boti mwaka 1947, mwanawe William alirithi biashara ambayo hakuwa na hamu nayo. Mwaka 1950, yeye na mhariri wake Al Feldstein wakageukia hadithi za kutisha: maiti zinazofufuka kulipiza kisasi, waume wanaokatwakatwa na wake zao. Hizo ndizo zilizoleta fedha. Lakini katika gazeti lao moja, Shock SuspenStories, lililoanza 1952, waliingiza hadithi zisizo na zimwi wala mzuka. Wao wenyewe ofisini walizitania kwa kuziita mahubiri.

Nikupe mbili. Ya kwanza iko kwenye toleo la pili. Watu wamejipanga barabarani kutazama gwaride la askari. Bendera inapita, wanaume wanavua kofia, isipokuwa mmoja, tena mdomo wake umekunjwa kama mtu anayedharau. Minong'ono inaanza: huyu ni mkomunisti. Mmoja anamsukuma, wa pili anampiga, umati unamalizia. Mkewe anafika amechelewa, na ndipo wanaambiwa kwamba marehemu alikuwa askari, alipofuka vitani, na ule mdomo uliopinda ni kazi ya madaktari waliomshona uso. Ya pili, ya mwaka 1954 na iliyochorwa na Wally Wood, inamhusu baba asiyetaka binti yake awe na kijana wa Kimeksiko aliyehamia mtaani. Anakusanya wanaume wenzake, wanavaa vinyago vya kitambaa, wanavamia nyumba ya kijana usiku, wanamfunika mtu gunia gizani na kumchapa hadi anakufa. Wanapolifungua gunia, baba anamkuta binti yake.

Kikulacho ki nguoni mwako. Muuaji wa EC katika hadithi hizi hana meno marefu. Ni jirani, ni mzalendo, ni baba anayesema analinda familia. Na hapo ndipo penye jibu la swali lako la kwa nini zilizuiwa.

Aliyeongoza mashambulizi dhidi ya katuni alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, Fredric Wertham, aliyechapisha kitabu kizima mwaka 1954 akidai kwamba katuni zinazalisha watoto wahalifu. Leo wapenzi wa katuni humchora kama mtu mshamba mwenye hofu ya kila kitu. Mimi simwoni hivyo. Wertham alikuwa ameanzisha kliniki Harlem mwaka 1946 kuwahudumia watu weusi maskini ambao hospitali nyingine hazikuwajali, na utafiti wake kuhusu madhara ya kuwatenga watoto kwa rangi ulitumika katika kesi ya Delaware, mojawapo ya zile zilizounganishwa kuwa kesi kubwa ya Brown iliyovunja ubaguzi wa shule mwaka huohuo wa 1954. Alikuwa upande mzuri wa historia katika jambo zito kuliko katuni. Tatizo lake ni kwamba kwenye katuni alitaka ushahidi useme anachotaka yeye. Mwaka 2012 mtafiti Carol Tilley wa Chuo Kikuu cha Illinois alipitia makaratasi yake na kuonyesha kwamba alipindisha maelezo ya watoto aliowahoji, akiunganisha maneno ya huyu na yule na kuacha yasiyomfaa.

Tarehe 21 Aprili 1954 kamati ndogo ya Seneti ilikaa New York kusikiliza ushahidi kuhusu katuni na uhalifu wa watoto. Wertham aliwaambia maseneta kwamba Hitler alikuwa mwanafunzi tu akilinganishwa na wachapishaji wa katuni, na mfano aliotoa wa kufundisha chuki ya rangi ulikuwa ile hadithi ya baba na gunia, kwa sababu wahusika wake wanawatukana Wameksiko. Yaani hadithi iliyoandikwa kukemea ubaguzi ikawekwa mezani kama ushahidi wa ubaguzi. Gaines alipopata nafasi alieleza kwamba hadithi hiyo ni mojawapo katika mfululizo unaokemea ubaguzi na mauaji ya makundi. Hakuna aliyelitilia maanani. Kilichobaki kwenye magazeti ya kesho yake ni kitu kingine: Seneta Estes Kefauver aliinua jalada lenye mwanamume ameshika shoka lenye damu na kichwa cha mwanamke kilichokatwa, akauliza kama anaona hilo lina staha. Gaines akajibu ndiyo, kwa jalada la katuni ya kutisha lina staha. Lingekosa staha kama kichwa kingeinuliwa juu zaidi shingo ikaonekana inachuruzika. Baadaye alisimulia kwamba alikuwa anatumia vidonge vya kupunguza unene na nguvu yake ilimwishia palepale kitini. Hata angekuwa macho kabisa, sidhani kama lipo jibu ambalo lingemwokoa.

Serikali haikutunga sheria. Wachapishaji wenyewe, kwa woga, waliunda chombo chao na Oktoba 1954 wakapitisha Kanuni za Katuni. Gazeti lisilo na muhuri wa chombo hicho halikusambazwa na mawakala, kwa hiyo halikufika kwenye vibanda. Ilikuwa hiari ya jina tu.

Sasa tazama kanuni zenyewe. Zilikataza mazombi na watu wanaogeuka mbwamwitu, sawa. Zilikataza damu ya kupindukia, na mimi pia nisingelitaka jalada lile kwenye dawati la mtoto wa darasa la tatu. Lakini palikuwa na kifungu kinachosema polisi, majaji, maofisa wa serikali na taasisi zinazoheshimika zisionyeshwe kamwe kwa namna itakayowafanya wasomaji wazidharau mamlaka. Kingine kilisema wema lazima uushinde uovu kila mara. Ukiviunganisha hivyo viwili, hadithi ya polisi anayeua haiandikiki. Hadithi ya umati unaoua na kurudi nyumbani kula chakula cha jioni haiandikiki. Mzuka uliondolewa pamoja na jirani, na ninavyoona mimi, jirani ndiye aliyekuwa mzigo mkubwa zaidi.

Ushahidi wangu ni hadithi moja ya kurasa saba. Mwaka 1953 Feldstein na mchoraji Joe Orlando walitoa hadithi ya mwanaanga kutoka duniani anayetumwa kukagua sayari ya roboti, ili aamue kama inafaa kujiunga na jumuiya ya sayari nyingine. Roboti wa rangi ya machungwa wanamtembeza kwa fahari. Kisha anaomba aonyeshwe wanakoishi roboti wa buluu, na anakuta wanatengenezwa kwa vifaa vilevile kabisa isipokuwa ganda la nje, lakini wanapanda nyuma ya basi na kufanya kazi za chini. Anawaambia bado hawajawa tayari. Muda wote kofia yake ya anga imemficha uso. Kwenye kisanduku cha mwisho, akiwa peke yake ndani ya chombo, anaivua: ni mtu mweusi, na matone ya jasho usoni yanametameta kama nyota.

Mwaka 1956 EC walitaka kuirudia hadithi hiyo chini ya kanuni mpya. Hakuna damu, hakuna maiti, hakuna neno chafu. Kwa simulizi ya Feldstein na Gaines, msimamizi wa kanuni, Jaji Charles Murphy, alisema mwanaanga hawezi kuwa mweusi. Feldstein akamwambia hiyo ndiyo hadithi yenyewe. Gaines alipotishia kwenda kwenye vyombo vya habari, jaji akalegeza: basi angalau futeni jasho. Gaines akamtukana na kukata simu. Hadithi ilichapishwa kama ilivyo, na gazeti hilo likawa la mwisho la katuni kutoka EC. Wakabaki na Mad, gazeti lao la mizaha, walilokuwa wameligeuza mwaka uliotangulia kutoka umbo la katuni kuwa umbo la jarida.

Miaka iliyofuata naipita haraka. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 vijana wa San Francisco na kwingineko walichapisha katuni zisizo na muhuri na kuziuza kwenye maduka yasiyojali muhuri. Nyingi zilikuwa ovyo. Mwaka 1971 kanuni zililegezwa, na mwaka 1974, katika kashfa ya Watergate iliyomng'oa Rais Nixon, Captain America alimfukuza kiongozi wa njama moja hadi ndani ya Ikulu ya Washington, akaona uso ambao msomaji haonyeshwi lakini anaelewa ni wa nani, akavua vazi la bendera. Maduka maalumu ya katuni yalipoenea, muhuri ukakosa kazi. Ulizikwa rasmi mwaka 2011 kampuni mbili za mwisho zilipoacha kuutumia.

Tuje kwenye vitabu. Kipimo changu ni hiki: nikifungua katuni inayosifiwa kuwa ya giza, natafuta ni nani mwenye mamlaka ndani yake na amepewa na nani. Nikikuta mvua, bastola na wanawake wa baa tu, naiweka kando. Sin City, kwa mfano, imechorwa kwa ustadi wa kutisha, nyeusi na nyeupe inayokata kama wembe, lakini mji wake haupo Marekani, upo kwenye filamu za zamani za wapelelezi.

Cha kwanza nitakachokupa ni cha zamani kuliko EC. Miné Okubo alikuwa mchoraji wa California, mzaliwa wa hukohuko, wa wazazi wa Kijapani. Baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor, Rais Roosevelt alitia saini tarehe 19 Februari 1942 amri iliyowezesha kuwaondoa watu wenye asili ya Kijapani kwenye pwani ya magharibi na kuwafungia kambini. Walikuwa takribani 120,000, na wengi wao walikuwa raia wa kuzaliwa. Okubo na kaka yake walipewa namba ya familia, 13660, na kitabu chake cha 1946 kinaitwa hivyo, Citizen 13660. Kamera zilikatazwa kambini, kwa hiyo alichora. Kambi ya kwanza, Tanforan, ilikuwa uwanja wa mbio za farasi, na chumba chao kilikuwa banda la farasi lililopakwa chokaa kwa haraka kiasi kwamba utando wa buibui, manyoya ya farasi na majani makavu vilipakwa pamoja na ukuta. Karibu kila picha amejichora mwenyewe pembeni, akitazama, mara nyingine mdomo kaukunja. Hapigi kelele hata mara moja. Maandishi chini ya picha ni makavu kama ya karani, na ukavu huohuo ndio unaouma. Vijana wakitaka hadithi yenye mtiririko zaidi, George Takei, mwigizaji wa Star Trek, alitoa kumbukumbu zake za utotoni katika kambi hizo mwaka 2019 pamoja na waandishi wenzake wawili na mchoraji Harmony Becker: They Called Us Enemy.

Cha pili ni March, vitabu vitatu vya marehemu mbunge John Lewis kuhusu harakati za weusi wa Marekani kudai haki zao, akiandika na Andrew Aydin, picha za Nate Powell, vilivyotoka 2013 hadi 2016. Lewis alikuwa kijana wa miaka 25 alipopasuliwa kichwa na askari wa jimbo la Alabama kwenye daraja la Selma tarehe 7 Machi 1965. Kitabu cha tatu kilipata Tuzo ya Taifa ya Vitabu ya Marekani upande wa vijana mwaka 2016. Powell anajua kuchora kelele: maneno ya wanaopiga yanajaa kisanduku mpaka hayasomeki, halafu ukurasa unaofuata ni kimya cheusi. Kuna jambo litakalowagusa vijana wako. Mwaka 1964 Lewis na mwenzake walizunguka Afrika, wakakutana na Malcolm X jijini Nairobi bila kupanga, naye akawaambia mapambano yao yatazamwe kama sehemu ya mapambano ya watu wa Afrika na dunia. Safari hiyo imo kwenye kitabu cha tatu. Na Lewis mwenyewe alivutwa katika harakati kwa sehemu na katuni, kijitabu cha mwaka 1957 cha senti 10 kuhusu weusi wa Montgomery, Alabama, walivyogomea kupanda mabasi ya kibaguzi. Kijitabu hicho kinasomeka bure mtandaoni, kina kurasa 16 tu, na klabu yako inaweza kukimaliza mchana mmoja.

Cha tatu kinatumia shujaa mwenyewe. Mwaka 2003 Robert Morales na mchoraji Kyle Baker walipewa nafasi ya kuandika Truth, matoleo saba yanayouliza: kama jeshi la Marekani lingetaka kujaribu ile dawa iliyomgeuza Captain America kuwa na nguvu, lingeanza kwa nani? Jibu ni askari weusi. Mamia wanachukuliwa kambini, familia zinaambiwa wamekufa, na anayesalia mwisho, Isaiah Bradley, baada ya kupigana vita yao anafungwa jela badala ya kuvishwa nishani. Baadhi ya mashabiki walikasirika kwamba shujaa wao amechafuliwa. Lakini wazo halikutoka hewani. Kuanzia 1932 hadi 1972 idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi wa Tuskegee, Alabama, 399 wakiwa na kaswende, wakaambiwa wanatibiwa "damu mbaya", na hata penisilini ilipokuwa dawa ya kawaida ya ugonjwa huo hawakupewa. Wasome vijana hilo kwanza, ndipo uwape Truth. Vinginevyo watadhani ni hadithi ya kubuni tu.

Kuhusu dola kuwapiga risasi watoto wake, sijasoma katuni inayomzidi Derf Backderf katika Kent State, ya mwaka 2020. Tarehe 4 Mei 1970, askari wa Walinzi wa Taifa walifyatua risasi 67 kwa sekunde 13 katika chuo kikuu cha Kent State, jimboni Ohio, wakaua wanafunzi wanne na kujeruhi tisa. Backderf, aliyekuwa mtoto wa miaka kumi jirani na hapo, anawafuata wanne hao kwa siku nne za mwisho: wanafua nguo, wanapiga simu nyumbani, wanahangaikia mitihani. Anawafuata askari pia, vijana wa umri uleule waliochoka, wametoka kusimamia mgomo wa madereva wa malori. Unafika kwenye zile sekunde 13 ukiwa unawajua watu wa pande zote mbili. Wawili kati ya waliokufa, Sandra Scheuer na William Schroeder, hawakuwa hata wanaandamana, na Schroeder alikuwa kwenye mafunzo ya maofisa wa jeshi. Jambo la giza kuliko risasi ni kwamba muda mfupi baadaye kura ya maoni ya Gallup ilionyesha asilimia 58 ya Wamarekani wakiwalaumu wanafunzi, na asilimia 11 tu wakiwalaumu Walinzi. Ni umati wa lile gwaride la 1952, safari hii ukiwa kwenye takwimu.

Kisomwe sambamba na Big Black: Stand at Attica, cha 2020 pia, kumbukumbu za Frank Smith zilizoandikwa na Jared Reinmuth na kuchorwa na Améziane. Smith alikuwa mfungwa Attica, New York, wafungwa walipoishika sehemu ya jela hiyo Septemba 1971 wakidai kutendewa kama binadamu. Wenzake walimpa kazi ya kulinda usalama wa wajumbe waliokuja kwenye mazungumzo. Siku ya tano polisi wa jimbo waliingia kwa bunduki na kuua watu 39, kumi kati yao wakiwa mateka waliodaiwa kwenda kuokolewa. Maofisa wakatangaza kwamba mateka walikatwa koo na wafungwa. Daktari aliyepasua maiti akakuta risasi, na wafungwa hawakuwa na bunduki. Smith alilazwa uchi juu ya meza kwa saa kadhaa, mpira ukiwa umebanwa chini ya kidevu chake, akiambiwa ukidondoka atauawa. Ukurasa huo ni mgumu kuutazama, na ni haki uwe mgumu. Jimbo lilikubali kulipa dola milioni 12 mwaka 2000, miaka 29 baadaye.

Utasikia Scalped ikisifiwa, matoleo 60 kati ya 2007 na 2012 kuhusu eneo la wenyeji wa asili huko South Dakota, kasino yake na mpelelezi wa FBI aliyezaliwa hapo. Inasomeka kwa pumzi moja. Ila mwandishi wake Jason Aaron ni mzungu wa Alabama, mchoraji R. M. Guéra ni Mserbia, na wapo wenyeji wa asili waliolalamika kwamba jamii yao imegeuzwa pombe na damu tupu. Nawaelewa. Ukiisoma, soma pia Days of Destruction, Days of Revolt ya 2012, ambamo mwandishi wa habari Chris Hedges na mchoraji Joe Sacco walikwenda Pine Ridge yenyewe, wakaenda pia Camden ya New Jersey, migodi ya makaa ya West Virginia na mashamba ya nyanya ya Immokalee, Florida. Pale Pine Ridge pombe ilikuwa marufuku, lakini mpakani palikuwa na kijiji cha Whiteclay, Nebraska, chenye watu wachache mno na maduka manne yaliyouza makopo ya bia kwa mamilioni kila mwaka. Scalped inakuonyesha mlevi. Hedges na Sacco wanakuonyesha duka na aliyeliachia leseni. Maduka hayo yalifungwa 2017.

Cha mwisho ni cha Marekani ya leo, na ndicho kinachonikosesha usingizi zaidi: Sabrina cha Nick Drnaso, cha 2018, katuni ya kwanza kuingia kwenye orodha ndefu ya Tuzo ya Booker. Mwanamke wa Chicago anatoweka. Mpenzi wake, Teddy, anakwenda Colorado kujihifadhi kwa rafiki yake Calvin, askari wa jeshi la anga anayeshinda mbele ya kompyuta. Inagundulika kwamba Sabrina ameuawa na muuaji alijirekodi video, na video inavuja. Hatuonyeshwi hata tone la damu. Tunaonyeshwa yanayofuata: watu wasiomjua wanaanza kusema kifo hicho ni maigizo, Calvin ni mwigizaji wa kulipwa, na barua pepe zinamiminika kumtaka akiri. Ndivyo walivyofanyiwa wazazi wa Sandy Hook, Connecticut, shule ambayo watoto 20 na watu wazima sita waliuawa Desemba 2012. Drnaso anachora sura tupu, macho kama nukta, vyumba vyenye rangi zilizopauka. Kila siku Calvin anajaza fomu kazini: umelala saa ngapi, hali yako ni ngapi kati ya moja hadi tano, msongo wako je, unafikiria kujiua. Fomu hiyo inarudi tena na tena kitabuni. Anaandika namba, anairudisha, na kwa miaka yote niliyosoma katuni sijaona upweke uliochorwa kwa kifaa kidogo kiasi hicho.

Kwa upande wa umri, Mwalimu: Okubo, Takei, kijitabu cha Montgomery na March vinafaa kuanzia kidato cha kwanza, ingawa katika March yamo matusi ya kibaguzi kama yalivyotamkwa, na ni vema uwaandae. Kent State na Truth ningewapa kidato cha tatu na nne. Attica, Scalped na Sabrina ni za watu wazima, zisome wewe. Kama bajeti ya klabu inatosha kitabu kimoja tu, nunua Citizen 13660. Bado kinachapishwa, lugha yake ni nyepesi kwa mwanafunzi anayehangaika na Kiingereza, na kila ukurasa una picha moja, hivyo kinaweza kupita mikononi mwa watu wengi bila kugombewa.